Pishi Moja kwa Watawala na Wapinzani

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na sidhani kuwa pana mahali ambapo kauli hiyo husadikika kila siku kama katika mazungumzo yetu juu ya vyama vya siasa, ambamo msemaji, kabla hajalitamka neno la tatu, huwa amekwisha kutambulikana ngozi anaivutia upande gani. Chama chake kikikosea, kosa huitwa upungufu wa kibinadamu unaostahili subira. Chama cha jirani kikitenda lile lile, kwa namna ile ile na kwa kiasi kile kile, huitwa hiana kwa taifa. Kukosoa ni haki ya raia, na katika nchi ya vyama vingi ni wajibu wake vilevile. Walakini ukosoaji usio na insafu haumwongozi anayekosolewa wala haumwelimishi anayesikiliza, na wote wawili hubaki pale pale walipokuwa, isipokuwa kwamba chuki imeongezeka baina yao. Kwa hiyo yafaa tuulizane kwa utulivu insafu hiyo ni nini, kwa nini ni adimu, na mtu wa kawaida, asiye mbunge wala mhariri, ataitambuaje anapokutana nayo gazetini au barazani.

Mtu mmoja, hukumu nyingi

Hapana mfano unaolifafanua jambo hili kwa ukamilifu kama habari ya Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania tangu mwishoni mwa mwaka 2005 hata Februari 2008, kwa kuwa ni habari iliyotendeka hadharani, mbele ya macho ya nchi nzima, na kwa kuwa ndani yake watawala na wapinzani walibadilishana maneno hata kila upande ukawa unasema yale yaliyokuwa yakisemwa na mwenzake.

Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya kuzalishia umeme, nchi ikaingia katika mgawo mkali, na serikali ikatafuta mitambo ya dharura. Mkataba wa megawati 100 ulipewa kampuni iliyojulikana kwa jina la Richmond, ambayo ilishindwa kuleta mitambo kwa wakati, kisha mkataba ukahamia kwa kampuni nyingine iliyoitwa Dowans. Manung'uniko yakazidi. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha CHADEMA wakati huo, alisoma mbele ya umati orodha ya watu aliowaita mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Haukupita muda mrefu Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela kwa tiketi ya chama tawala, CCM, na ripoti ya kamati hiyo, iliyosomwa Februari 2008, ilieleza kwamba kampuni ile haikuwa na sifa wala uwezo wa kazi iliyopewa, na ikaitaja ofisi ya Waziri Mkuu miongoni mwa zilizopaswa kujibu. Tarehe 7 Februari Lowassa alilitangazia Bunge kuwa ameomba kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Mawaziri wawili wakajiuzulu pamoja naye, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja Baraza lote la Mawaziri.

Kwa miaka saba iliyofuata Lowassa aliendelea kuwa mwanachama wa CCM na mbunge wa Monduli, na mwaka 2015 chama hicho kilimpa fomu ya kuomba kuteuliwa kugombea urais kama kilivyowapa wanachama wengine. Vikao vya Dodoma vilipolikata jina lake mwezi Julai, alihamia CHADEMA, na muungano wa vyama vinne uliojulikana kwa jina la UKAWA ukamsimamisha kuwa mgombea wake. Hapo ndipo pishi, yaani vipimo, zilipobadilishwa. Wanasiasa wa CCM, waliokaa naye chama kimoja miaka yote ile bila ya kumtoa, walipanda majukwaani kuieleza nchi kwamba mtu huyu ni hatari na kwamba habari ya Richmond haijasahauliwa. Na wanasiasa wa CHADEMA, ambao chama chao kilikuwa kimelisoma jina lake Mwembeyanga, walipanda majukwaani kueleza kwamba alitolewa kafara kwa makosa ya wengine, na kwamba mwenye ushahidi ampeleke mahakamani. Katika mkumbo huo walikuwako wachache waliokataa kugeuka: Dk. Slaa mwenyewe alitangaza mwanzoni mwa Septemba kwamba anaachana na siasa za vyama, na Profesa Ibrahim Lipumba alikuwa amekwisha kujiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kimojawapo cha UKAWA, mwezi uliotangulia.

Lowassa alipata takriban asilimia 40 ya kura, akashindwa na Dk. John Magufuli wa CCM. Mwezi Machi 2019 alirudi CCM, akapokewa kwa bashasha. Sauti zilizomwita fisadi mwaka 2015 zikanyamaza, na baadhi ya zile zilizomwita mkombozi zikaanza kukumbuka Richmond upya. Alipofariki Februari 2024 alizikwa kwa heshima za kitaifa.

Msomaji na atazame jambo moja tu katika kisa hiki. Tangu Februari 2008 hata Machi 2019 haikubadilika sahifa hata moja ya ripoti ya Bunge; hakuna mahakama iliyomtia hatiani wala iliyomsafisha, kwa sababu hakupata kushitakiwa; na madai yake kwamba hakusikilizwa yalibaki yale yale. Kilichobadilika kilikuwa kadi ya chama mfukoni mwake. Mimi hapa sitoi hukumu kwamba alikuwa na hatia au hakuwa nayo, maana si kazi ya makala haya. Nasema kwamba ikiwa hukumu yetu juu ya mtu hugeuka pindi ageuzapo kadi, basi tangu mwanzo hatukuwa tukimpima yeye wala matendo yake. Ndiyo maana ya ile kauli kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Nami naongeza kwamba ukichukia, hata kengeza huita chongo.

Mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa na pishi mbili dukani, moja kubwa ya kununulia na moja ndogo ya kuuzia, alihesabiwa na watu wa kale kuwa mwizi hata kama hakuna aliyemwona akitia mkono katika mfuko wa mtu. Ukosoaji wa kisiasa wenye vipimo viwili ni wizi wa namna hiyo: humpokonya raia ukweli aliouhitaji ili aamue, ingawa kila neno lililosemwa, likichukuliwa peke yake, pengine lilikuwa kweli.

Insafu si kugawa lawama nusu kwa nusu

Baada ya kuyaona hayo, wako watu wema ambao hukimbilia upande mwingine wa kosa. Huona kwamba, ili wasiitwe wenye upendeleo, yawapasa kila wanapotoa lawama moja kwa serikali watoe na moja kwa wapinzani, wala wasimalize aya bila ya kusema kwamba pande zote mbili zina makosa. Maneno hayo hupendeza masikioni, na aghalabu ni kweli. Lakini mara nyingi hutumiwa kumficha aliyetenda kosa kubwa nyuma ya mgongo wa aliyetenda kosa dogo. Pishi moja maana yake ni kipimo kimoja. Haina maana kwamba kila gunia litatoka na uzito ule ule.

Uzito wa lawama hufuata uzito wa mamlaka. Chama kinachotawala kinashika hazina, polisi, magereza, uteuzi wa wakuu wa mikoa na wilaya, na wingi wa viti unaopitisha sheria bungeni. Kosa lake, likitokea, humfikia mkulima shambani na mgonjwa hospitalini, apende asipende. Chama cha upinzani, maadamu hakijashika dola, kinashika ahadi zake, nidhamu ya watu wake, ukweli wa maneno yake, na fedha za ruzuku anazolipa raia. Hivyo mwandishi mwadilifu hujikuta akiandika mengi zaidi juu ya watawala, naye hapaswi kuomba radhi kwa ajili hiyo.

Tuchukue miaka ya karibuni ya Tanzania. Tangu katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo likaondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Januari 2023. Katika miaka hiyo yote mtu ambaye angewalaumu wapinzani kwa kutowafikia wananchi vijijini, asitaje kwamba waliozuia kufika huko walikuwa wenye dola, angesema neno la kweli kwa namna ya uongo. Kadhalika, mwezi Aprili 2025 mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alishitakiwa kwa uhaini, na chama chake kikatangaziwa na mamlaka ya uchaguzi kwamba hakitashiriki uchaguzi kwa kuwa hakikutia saini kanuni za maadili. Mtu aweza kuwa na rai kwamba CHADEMA ilikosea kutotia saini, na rai hiyo ina haki ya kusikilizwa na kujibiwa kwa hoja; lakini kuliweka kosa la kukataa kutia saini karatasi katika daraja moja na uwezo wa kumfungia mtu gerezani ni kuipoteza maana ya kipimo.

Fauka ya hayo, maneno haya mawili, mtawala na mpinzani, hayamkai mtu mwilini kama rangi ya ngozi yake. Ni daraja za mamlaka, na chama kimoja chaweza kuwa katika zote mbili kwa wakati mmoja. Nchini Kenya, tangu serikali za kaunti 47 zilipoanza mwaka 2013, chama cha ODM kilikuwa upinzani katika ngazi ya taifa na kilikuwa watawala Mombasa, ambako Hassan Joho alikuwa gavana kwa vipindi viwili. Na mkazi wa Mombasa aliyekerwa na taka mtaani kwake asingetenda haki kama angeilaumu serikali ya taifa peke yake kwa kuwa tu gavana wake alikuwa mpinzani jasiri. Vilevile baada ya uchaguzi wa 2015 UKAWA ilishika Jiji la Dar es Salaam na CHADEMA ikashika Jiji la Arusha, na madiwani wake hapo hawakuwa wapinzani tena, bali wenye meza, mafaili na zabuni. Ijapokuwa walikuwa na haki ya kulalamika kwamba mamlaka ya juu iliwabana, walipaswa kuhesabiwa kwa yale yaliyokuwa mikononi mwao.

Mambo ambayo mpinzani hana udhuru

Nimesema kwamba mzigo wa mtawala ni mzito zaidi. Sasa yanipasa kueleza kwamba wa mpinzani nao upo, na kwamba kumsamehe kila kitu kwa sababu ya unyonge wake ni kumdhulumu kwa upole. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Wakenya waliyaona haya baada ya Desemba 2002, wakati muungano wa NARC ulipoishinda KANU, chama kilichokuwa kimetawala tangu uhuru. Furaha ilikuwa kubwa na ya haki. Lakini haikupita miaka miwili kabla ya kashfa ya Anglo Leasing kufichuka, ya mikataba ya usalama iliyotolewa kwa makampuni yasiyojulikana yalipo, mikataba ambayo mingine ilirithiwa kutoka utawala wa zamani na mingine ikaendelea chini ya watu walioingia madarakani kwa ahadi ya kukomesha mambo hayo hayo. Aliyeyafuatilia, John Githongo, alikuwa katibu mkuu wa serikali hiyo hiyo aliyepewa kazi ya utawala bora na maadili, na mwezi Februari 2005 alijiuzulu akiwa ng'ambo. Waliokuwa wapinzani jana walikuwa watawala leo, na maswali ambayo hawakuulizwa walipokuwa nje yaligharimu zaidi kuulizwa walipokwisha kuingia ndani.

Basi mpinzani ataulizwa nini? Kwanza ataulizwa ukweli wa madai yake. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2016/2017 ilipotoka mwezi Aprili 2018, ilionekana tofauti ya takriban shilingi trilioni 1.5 baina ya fedha zilizokusanywa na zile zilizotolewa kutumika. Lilikuwa swali zito, na aliyeliuliza alilitumikia taifa. Walakini hoja ya mkaguzi ni swali linalongoja jibu. Haijawa hukumu ya wizi mpaka jibu litolewe, lipimwe na likutwe na dosari. Wapo waliotoka barabarani wakisema fedha zimeibwa, kabla ya hesabu kuhakikiwa. Na wapo upande wa pili waliosema kwamba kuuliza tu ni kutoipenda nchi. Makundi hayo mawili, yanayochukiana, yalikuwa yametenda kosa moja, nalo ni kuliziba swali kabla halijajibiwa: hili kwa kujitungia jibu lake, na lile kwa kumtukana muulizaji.

Pili, mpinzani ataulizwa kama nyumbani kwake anaishi kwa kanuni anazozidai kwa jirani. Chama kinachotaka ukomo wa madaraka kwa rais hakina budi kueleza mwenyekiti wake amekaa miaka mingapi. Freeman Mbowe aliiongoza CHADEMA tangu mwaka 2004 hata Januari 2025, alipopigiwa kura pamoja na Lissu, akashindwa kwa kura chache na akakubali. Na Profesa Lipumba, aliyeuchukua uenyekiti wa CUF mwaka 1999, aliurudia mwaka 2016 baada ya kujiuzulu, mgogoro ukazuka uliowagawa wanachama mpaka Katibu Mkuu wa chama hicho, Maalim Seif Sharif Hamad, na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo mwaka 2019. Katika jambo hili insafu yatulazimu kukiri kwamba CCM imekuwa na desturi ya kubadili mwenyekiti kwa kufuata kipindi cha rais. Na insafu hiyo hiyo yatulazimu kuongeza kwamba desturi hiyo humpa rais kiti cha chama bila ya mshindani, na kwamba katika uchaguzi wa CHADEMA wa Januari 2025 wajumbe walihesabu kura hawajui nani atashinda. Kila chama hapa kina cha kujifunza kwa mwenzake, na hatupati kulijua hilo ila kwa kuviweka vyote viwili katika pishi moja.

Tatu, ataulizwa hesabu za ruzuku, na hapa nitatoa kisa kinachostahili kukumbukwa. Mwezi Oktoba 2013 Zitto Kabwe, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali na wakati huo huo Naibu Katibu Mkuu wa CHADEMA, alitangaza kwamba vyama vinavyopokea ruzuku, CCM ikiwamo na chama chake mwenyewe kikiwamo, havikuwa vimewasilisha hesabu zilizokaguliwa kwa miaka kadhaa, kinyume cha sheria. Ghadhabu iliyotokea, hata katika chama chake, ilionyesha jinsi mkuki ulivyo mtamu kwa nguruwe na mchungu kwa binadamu. Lakini hoja ilikuwa wazi: fedha za ruzuku ni fedha za walipa kodi, wala hazibadiliki kuwa mali ya chama kwa kuwa zimevuka mlango wa ofisi ya chama.

Lawama zilizozaa matunda zilitoka ndani

Anayetaka kujua ni ukosoaji gani uliowahi kuitikisa nchi kwa kheri, na azitazame kumbukumbu; ataona jambo la kustaajabisha. Aliyeongoza uchunguzi wa Richmond alikuwa mbunge wa chama tawala, chini ya Spika wa chama hicho hicho, Samuel Sitta. Ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, iliyohusu fedha zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu, iliwasilishwa Novemba 2014 na kamati ambayo mwenyekiti wake, Zitto Kabwe, alitoka upinzani, na makamu wake, Deo Filikunjombe, alikuwa mbunge wa Ludewa kwa CCM. Nao walisema kwa sauti moja, hata Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu na mawaziri wawili wakaondoka madarakani ndani ya majuma machache. Na kabla ya hao wote, Mwalimu Julius Nyerere, mwasisi wa CCM, aliandika kitabu kiitwacho Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambamo aliwakosoa waziwazi viongozi wakuu wa chama chake na wa serikali yake, akiwataja Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama, kwa namna walivyolishughulikia suala la Muungano katika mwaka 1993.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Mpinzani anapomlaumu mtawala, msikilizaji husema, hiyo ndiyo kazi yake. Na mtawala anapomlaumu mpinzani, msikilizaji husema maneno yale yale. Lakini mtu anapowalaumu wa kwake, ambao kwao hutazamia kura, cheo na urafiki, msikilizaji hana pa kuiweka lawama hiyo isipokuwa mahali pa ukweli, na hapo ndipo husimama akasikiliza. Ndiyo maana kanuni za Bunge zilipowapa wabunge wa upinzani uenyekiti wa kamati za kusimamia hesabu zilifanya jambo la busara, na kamati hizo zilipata heshima kubwa zaidi pale ambapo wajumbe wa chama tawala walikataa kuwa ngao ya mawaziri wao, na wajumbe wa upinzani walikataa kuzigeuza kuwa majukwaa ya kampeni.

Tukumbuke pia kwamba mfumo wenyewe wa vyama vingi ulipatikana kwa tendo la insafu. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliyakusanya maoni ya Watanzania katika mwaka 1991, ikakuta kwamba takriban wanne katika kila watano walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ikapendekeza vyama vingi, kwa hoja kwamba mmoja katika watano si mtu wa kupuuzwa, na chama tawala kikakubali, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Waliokuwa na nguvu walikubali kusikiliza waliokuwa wachache. Kila mara mkosoaji anapoitwa adui, na kila mara mpimaji anapoadhibiwa kwa kipimo alichokisoma, twatoka kidogo katika mapatano hayo. Na mfano wake ni Aprili 2019, pale Bunge lenye wingi mkubwa wa chama kimoja lilipoazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, baada ya kauli yake iliyotaja udhaifu wa Bunge.

Msomaji afanyeje?

Yeyote anayesoma gazeti au kusikiliza hotuba hawezi kuwa na kamati teule nyumbani kwake, lakini ana uwezo wa kufanya mambo machache yasiyohitaji elimu kubwa. Na ajue kwanza mwenye chombo ni nani. Gazeti la Uhuru ni la CCM, na Tanzania Daima lilihusishwa na familia ya kiongozi wa CHADEMA. Si dhambi kuwa na gazeti la chama, na wasomaji wa zamani walijua vizuri kulisoma kila moja kwa hadhari yake. Wala asidhani kwamba kuwa gazeti la chama ni kinga, maana leseni ya Tanzania Daima ilifutwa na serikali mwaka 2020, na mwezi Agosti 2021 wenye Uhuru wenyewe walilisimamisha kwa siku kadhaa kwa sababu ya kichwa cha habari kilichomhusu Rais.

Kisha, anapoisoma lawama, na alifute jina la chama kwa fikira yake na kuliweka la pili mahali pake, ajiulize kama moyo wake ungebaki na hasira ile ile au utetezi ule ule. Akiona umebadilika, basi shida haimo katika habari, imo kwake. Na atazame kama lawama yaelekea tendo au yaelekea nia. Kusema kwamba waziri fulani alitia saini mkataba bila ya idhini, au kwamba chama fulani hakikupeleka hesabu zake, ni kusema jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. Kusema kwamba watawala wote ni wezi kwa tabia, au kwamba wapinzani wote ni vibaraka wa mabeberu, ni kusema jambo lisilo na ithibati wala tiba, kwa kuwa nia ya mtu haina hati inayoweza kukaguliwa. Mwisho na aulize kama aliyetuhumiwa amepewa nafasi ya kujibu, na kama jibu lake limechapishwa kwa maneno yake au limekatwa likabaki la kuchekesha. Lalamiko la Lowassa kwamba hakusikilizwa halikuifuta ripoti ya Mwakyembe, lakini liliipunguzia ripoti hiyo kitu ambacho ingeweza kuwa nacho kwa urahisi, na watetezi wake wakapata la kusema kwa miaka kumi.

Atakayeshika mwenendo huu atapata hasara fulani, na haifai kumficha. Wanachama wenzake watamwona msaliti, wa upande wa pili watamshangilia kwa siku moja na kumtukana siku ya pili, na huko barazani atakuwa na maswahibu wachache wakati wa uchaguzi. Lakini azitazame hesabu kwa upande wa vyama vyenyewe. Chama kinachojua kwamba wafuasi wake watakisamehe lolote hakina sababu ya kujirekebisha. Na chama kinachojua kwamba mahasimu wake watakilaumu kwa lolote, hata kitende jema, hakina sababu hiyo vilevile, kwa kuwa jema na baya vimekuwa na bei moja. Raia pekee ambaye chama, kiwe ikulu au kiwe nje yake, hulazimika kujali anavyofikiri ni yule ambaye sifa yake na lawama yake zote mbili bado zinaweza kupotezwa kwa tendo ovu na kupatikana kwa tendo jema.